Alama ya reli kwa skrini ya mwanafunzi: vile seva yetu ya Kisumu ilikataa kuvua mamlaka ya root

Nimekuwa nikiahirisha karibu mwaka mzima kuandika vile seva yetu iliwaachia wanafunzi mamlaka ya root, yule mtumiaji mkuu wa mashine anayeruhusiwa kila kitu, na watu wameniuliza sana, kila nikijaribu kueleza kwa simu naona mtu anapotelea pale kwa uid tatu, zile namba za kutambua mtumiaji. Wacha niiweke yote hapa kuanzia mwanzo. Mahali tulikosea nitasema tulikosea, juu kosa lenyewe ni la aina ambayo mtu mwingine anaweza kuwa nalo sahi kwa mashine yake na kila jaribio linamwambia mambo iko sawa.

Mazingira ni chuo kidogo hapa Kisumu, upande wa Kondele. Tuna lab moja, seva moja, na mashine nyingine pembeni inayoweka mafaili ya wanafunzi na kuyagawa kupitia NFS. Mwanafunzi akiwa nyumbani Ahero ama Maseno anataka kuingia kwa seva kutoka huko, awasilishe kazi, achukue notisi, aone alama zake. Programu ya kuwaingiza iliandikwa kwa C na fundi aliyekuwa hapo kabla yangu, seva ndogo ya kuingilia kwa mbali, inapokea muunganisho, inakagua ufunguo wa mtu, alafu inamfungulia menyu iliyoandikwa kwa Python. Walimu wachache walipewa sheli kamili, yaani mahali pa kuandika amri yoyote, na wote walikuwa wanatumia aina inayoitwa zsh kutoka enzi hizo. Najua swali linakuja, kwani OpenSSH, ile programu ya kawaida ya kuingia kwa mbali, ilikuwa na shida gani? Haikuwa na shida. Yule mzee alitaka menyu yake na akaona njia fupi ni kuandika yake, na ikafanya kazi kwa FreeBSD, mfumo wa uendeshaji wa mashine ile, miaka mingi bila mtu kulalamika, na kitu kikifanya kazi miaka mingi hakuna mtu anakigusa.

Alafu diski ikafa. Stima ilikuwa imepotea mara tatu siku hiyo na iliporudi mara ya mwisho mashine ikakataa kuwaka. Tukanunua nyingine na tukaamua tuweke Debian 12, juu mimi na mwenzangu tunaijua Linux vizuri kuliko FreeBSD. Ile programu tukaikompaili upya, ikapita bila onyo ata moja. Skripti ya majaribio aliyoacha mzee inaingia kama mtumiaji wa majaribio, inaitisha amri moja tu, whoami, na seva inaiendesha moja kwa moja bila kupitia sheli. Jibu likatoka jina la mtumiaji wa majaribio, vile inatakiwa. Tukafungua milango, wanafunzi wakaanza kuingia.

Kuna kitu kilitokea wiki ya kwanza na sikukipa uzito, na mpaka leo kinaniuma. Mwalimu mmoja alisema mipangilio yake ya zsh haisomwi, yaani lile faili lake la .zshrc lipo lakini akiingia anapata sheli tupu kama ya mtu mgeni. Wa pili akasema hivyo hivyo. Nikawaambia hiyo ni mambo ya kuhama kutoka FreeBSD, nitaangalia. Sikuangalia. Ile zsh ilikuwa inatuambia ukweli, nitarudi hapo.

Wiki kama saba baadaye msichana mmoja wa mwaka wa mwisho aliomba tumbadilishie menyu tumpe bash, sheli nyingine, alikuwa na mradi. Nikambadilishia asubuhi. Jioni ya Ijumaa hiyo, mvua ya ziwa inanyesha vile hunyesha saa kumi, akanipigia simu.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Nimeingia kwa seva lakini mwisho wa mstari naona alama ya reli, hakuna dola."

Alama ya reli (#) huwa ya root, dola ($) ni ya mtu wa kawaida. Nikamuuliza kama ameandika amri yoyote.

"Nimeandika whoami peke yake, ikasema root. Sijagusa kitu kingine. Nitoke ama nisitoke?"

"Usitoke, na usibonyeze kitu. Wacha niangalie nikiwa huku."

Huyo msichana nashukuru mpaka kesho. Alikuwa na mlango wazi wa mashine yote, pamoja na alama zake mwenyewe, akachukua simu.

Kwa Linux ukitaka kujua prosesi, yaani programu inayokimbia, iko na mamlaka ya nani usiulize whoami, soma faili la status ndani ya /proc la hiyo prosesi. Kuna mstari wa Uid wenye namba nne. Bash ya huyo msichana ilikuwa na sufuri zote nne. Nikafikiri labda ni yeye tu, labda nimekosea kwa kumbadilishia sheli. Nikatafuta mwanafunzi mwingine yeyote aliyekuwa ndani saa hiyo, mwenye menyu ya kawaida, nikapata mstari huu:

Uid: 0 1042 1042 1042

Hapo mwili ulinipoa. Namba ya kwanza ni sufuri. Kila mtu aliyekuwa ameingia kwa hiyo seva kwa wiki saba alikuwa na root ndani yake.

Sasa tuzielewe hizo namba, juu bila hizo huwezi kuelewa kisa chote. Prosesi ya Unix haina mwenyewe mmoja. Iko na uid ya kweli, ambayo inasema aliyeanzisha hii kazi ni nani. Iko na uid inayotumika, na hii ndio keneli, kiini cha mfumo, huangalia wakati wa kufungua faili ama kufanya jambo. Na iko na uid ya akiba, ambayo ni kama koti ulilovua ukalikunja ukaliweka kwa begi, hujalivaa lakini ukilihitaji unalitoa. Linux inaongeza ya nne ya mambo ya mafaili, hiyo kwa kawaida inafuata inayotumika, tuiache. Whoami inasoma ile inayotumika pekee. Ndio maana jaribio la mzee lilipita, liliuliza koti gani liko mgongoni na halikuuliza nini iko kwa begi. Tungetumia amri ya id badala ya whoami tungeona siku ya kwanza, juu id ikikuta uid ya kweli na inayotumika hazilingani inaandika zote mbili.

Nikafungua msimbo. Mambo yalienda hivi. Seva inaanza kama root, lazima, juu inataka kuwa mtu yeyote. Mtu akija, prosesi mtoto inatakiwa isome ufunguo wake kutoka folda yake ya nyumbani, na folda iko kwa NFS ambako root wa kutoka mashine nyingine anahesabiwa kama mtu baki asiye na ruhusa. Kwa hivyo mzee alifanya vile inafaa, aliita initgroups kuweka vikundi vya mtumiaji, akaita setegid na seteuid zinazobadilisha kikundi na uid inayotumika, awe huyo mtumiaji kwa muda, akasoma ufunguo. Mpaka hapo safi kabisa. Shida ni hatua inayofuata. Baada ya kusoma hakurudi kuwa root. Aliendelea moja kwa moja mpaka mahali pa kuendesha menyu, na hapo akaita setgid na setuid kwa gid (namba ya kikundi) na uid ya mtumiaji, akiamini hapo ndio anavua kila kitu.

Kwa FreeBSD aliamini sawa. Setuid ya FreeBSD inakubali ukiipa namba inayolingana na uid yako ya kweli ama ile inayotumika, na ikikubali inaandika zote tatu. Prosesi ilikuwa tayari na 1042 kama inayotumika, ikaomba 1042, keneli ikaandika 1042 kwa kweli, kwa inayotumika na kwa akiba. Root imeisha, hairudi.

Kwa Linux jina ni hilo hilo setuid, hoja ni hiyo hiyo, lakini sharti na kazi inayofanyika ni ingine. Setuid ya Linux inabadilisha zote tatu pale tu ambapo anayeita ana mamlaka ya root wakati huo. Kama hana, inabadilisha ile inayotumika peke yake, na inakubali tu namba inayolingana na uid ya kweli ama ya akiba. Prosesi yetu ilikuwa imeshajivua kwa muda na seteuid, kwa hivyo saa ya kuita setuid haikuwa na mamlaka, na kwa kuwa ya kweli na ya akiba zote zilikuwa sufuri, keneli ikaikataa 1042 na kurudisha hasi moja, na msimbo wa mzee haukuuliza jibu. Uid ya kweli ikabaki sufuri na ya akiba ikabaki sufuri. Ukiendesha programu mpya na execve ile ya akiba inaandikwa upya ifanane na inayotumika, ndio maana mstari wangu ulikuwa na sufuri moja tu pale mbele, lakini hiyo moja inatosha kabisa, juu mtu mwenye uid ya kweli ya sufuri anaruhusiwa kuita seteuid ya sufuri akarudi kuwa root mzima.

Na bash ilimrudisha bila yeye kuomba. Bash ikianza ikakuta uid inayotumika si sawa na ya kweli, inadhani mtu ameiweka alama ya setuid, inayofanya programu ikimbie na mamlaka ya mwenye faili, kwa programu fulani na ni hatari, kwa hivyo inajilinda kwa kurudi kwa mwenyewe wa kweli. Kwa hali ya kawaida hiyo ni kushuka. Kwetu mwenyewe wa kweli alikuwa root, kwa hivyo ule ulinzi ukawa ngazi ya kupanda. Zsh nayo inafanya tofauti, ikikuta hizo mbili hazilingani inaingia hali yake ya tahadhari, inabaki na uid inayotumika na inakataa kusoma mafaili ya mtumiaji ya kuanzia. Ndio ile .zshrc ya walimu. Wiki saba sheli ilikuwa inakataa kusoma faili juu imeona kuna root mahali hapafai, na mimi nilisema ni mambo ya kuhama.

Hii tofauti ya setuid si siri mpya. Mwaka 2002 Hao Chen, David Wagner na Drew Dean walikaa na Linux, Solaris na FreeBSD wakachora vile kila keneli inabadilisha hizo uid kutoka hali moja kwenda ingine, na ikaonekana wazi kwamba majina yanafanana na tabia hazifanani. Chanzo ni historia, tawi la Unix la System V lilileta wazo la uid ya akiba, tawi la BSD lilikuwa na setreuid yake, alafu sanifu ya POSIX ikajaribu kuwafunika wote na blanketi moja na ikaacha nafasi ya kila mmoja kulala vile amezoea. Mzee wetu hakuwa mjinga, alisoma mwongozo wa mashine aliyokuwa nayo na akaufuata.

Usiku huo tulizima seva. Mwenzangu alitaka tuiache ikimbie mpaka wanafunzi wamalize kuwasilisha Jumapili, nikakataa, nikapigia mkuu wa idara simu nikamwambia, "Madam, kila mtu akiingia anaingia na funguo za nyumba nzima," akasema zima. Alafu tukafanya kosa la pili, na hili ni letu wenyewe, hakuna mzee wa kulaumiwa.

Saa tano usiku tuliandika rekebisho. Tukaongeza mstari wa kurudi kuwa root baada ya kusoma ufunguo, na kurudisha vikundi vya root vilivyokuwepo mwanzo. Tukaita setuid, sasa tukiwa root kweli, alafu setgid, alafu initgroups. Tukajaribu: prosesi ikijaribu seteuid ya sufuri inakataliwa. Mstari wa Uid ukaonyesha 1042 mara nne. Tukafurahi, tukalala.

Asubuhi kabla ya kufungua nikaingia mwenyewe kama mwanafunzi nikatengeneza faili tupu kwa /tmp, nikapiga ls -l. Mwenyewe wa faili ni sawa, lakini kikundi kimeandikwa root. Nikaangalia status tena, mstari wa Gid ni sufuri nne, mstari wa Groups una sufuri. Tulikuwa tumevua kofia tukaacha viatu. Ukishaita setuid ukawa mtu wa kawaida huna tena ruhusa ya kubadilisha vikundi, kwa hivyo setgid ilikataliwa na initgroups ikakataliwa, zote zikarudisha hasi moja, na sisi hatukuwa tumeuliza majibu yao. Kikundi sufuri si kitu kidogo. Kwa Debian faili la sudoers, linalosema nani anaruhusiwa kutumia mamlaka ya root, linasomeka na kikundi cha root, na kwetu bakapu za alama zilikuwa zimewekwa na ruhusa hiyo hiyo, mwenyewe root na kikundi root wanasoma. Mwanafunzi hangeweza kubadilisha alama lakini angesoma za darasa zima.

Na hapa kuna jambo lingine la mashine kutofautiana ambalo limenikaa kichwani. Niliona lile kosa kwa sababu Linux inapotengeneza faili inalipa kikundi cha prosesi, isipokuwa folda iwe na alama ya setgid. FreeBSD na macOS zinalipa faili jipya kikundi cha folda lilimo. Kwa hivyo kosa hili hili ndani ya folda ya nyumbani kwa FreeBSD, ls -l ingeonyesha kikundi kizuri kabisa na ningefungua seva nikiwa na amani.

Mpangilio unaokubalika ni huu na hauna njia ya mkato: ukiwa bado root weka vikundi vya ziada, alafu gid, alafu uid iwe ya mwisho. Kila wito uulizwe jibu lake, na ukikataliwa prosesi ife hapo hapo. Nasema ife, isiandike onyo kwa logi ikaendelea. Kuna watu wanaona kuuliza jibu la setuid ni kupoteza wakati juu root hawezi kukataliwa kujishusha. Anaweza. Mfano uliotikisa watu ni wa Android mwaka 2010. Ile prosesi ya adbd, inayokupa sheli ya simu ukiwa kwa laptopu, ilikuwa inaanza kama root alafu inajishusha kuwa uid 2000 na haikuuliza kama imeshuka. Sebastian Krahmer akaonyesha kwamba ukijaza prosesi nyingi za uid 2000 mpaka kiwango kiishe alafu uiue adbd, itakapoanzishwa upya setuid yake itakataliwa kwa sababu huyo 2000 hana nafasi tena ya prosesi, na adbd itaendelea na kazi ikiwa root. Simu nyingi zilifunguliwa hivyo. Linux kuanzia 3.1 ilihamisha hilo hesabu la nafasi likafanyika wakati wa execve, setuid haikataliwi tena kwa sababu hiyo, lakini sababu zingine za kukataliwa zipo, na hujui msimbo wako utaishia kwa mashine gani.

Alafu baada ya kushuka, jaribu kupanda. Hii ndio sehemu ningependa mtu akae nayo. Kuuliza keneli "uid ya akiba ni ngapi" inawezekana kwa Linux, FreeBSD na OpenBSD kupitia getresuid, na hizo hizo ziko na setresuid ambayo unataja namba zote tatu wewe mwenyewe bila kubahatisha, ni nzuri sana na itumie kama ipo. Lakini macOS haina hizo mbili. Sisi tuko na Mac mini moja ya darasa la usanifu inayotumia programu hiyo hiyo, na tulipobadilisha msimbo kwenda setresuid ikakataa kukompaili hapo. Kitu kimoja ambacho kinafanya kazi kila mahali kati ya Linux, FreeBSD na macOS ni kujaribu kwa vitendo, jivue, alafu jaribu kuvaa root tena, na ukifaulu kuvaa basi hukuvua, kufa. OpenSSH inafanya hivyo hivyo ndani ya msimbo wake baada ya kushuka, na ndipo nilipojifunza. Kwa ufupi yetu sasa inakaa hivi, kufa ni fankisheni yetu ya kuandika logi na kuua prosesi, p ni rekodi ya mtumiaji:

if (seteuid(0) == -1) kufa("sikuweza kurudi root kwanza");
if (initgroups(p->pw_name, p->pw_gid) == -1) kufa("vikundi");
if (setgid(p->pw_gid) == -1) kufa("gid");
if (setuid(p->pw_uid) == -1) kufa("uid");
if (setgid(0) != -1 || setegid(0) != -1) kufa("gid ya root imerudi");
if (setuid(0) != -1 || seteuid(0) != -1) kufa("root imerudi");
if (getuid() != p->pw_uid || geteuid() != p->pw_uid) kufa("uid si yake");
if (getgid() != p->pw_gid || getegid() != p->pw_gid) kufa("gid si yake");

Juu yake kuna ukaguzi unaokataa kabisa mtu mwenye uid 0 ama gid 0 kuingia kwa njia hii, ndio maana hayo majaribio ya kupanda hayana masharti. Mahali setresuid ipo tunaitumia badala ya setuid ya mstari wa nne, na setresgid vivyo hivyo. Ule mstari wa kwanza usiuondoe ukiona hauna maana, ndio mstari uliokosekana kwa mzee.

Kwa Mac ilibidi niondoe ukaguzi mmoja niliokuwa nimeongeza, wa kulinganisha orodha ya vikundi baada ya kushuka na orodha ya kwenye hifadhi ya watumiaji. Keneli ya macOS inabeba vikundi 16 pekee kwa prosesi, vingine vinaulizwa kwa huduma ya watumiaji ya mfumo, na mtumiaji wa kawaida wa Mac yuko kwa vikundi vingi kuliko unavyofikiria. Linux inakubali mpaka 65536. Kwa hivyo ulinganisho wangu ulikuwa unaua watu halali kwa Mac na kupita kwa Linux. Kilichobaki ni kuhakikisha kikundi sufuri hakimo.

Kuna vitu vya pembeni ambavyo vinafaa kufanywa ukiwa bado root na ni rahisi kusahau. Kwa Linux kama unatumia PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, kufungua kikao na kuweka vitambulisho kwa pam_setcred kunafanyika kabla ya kushuka uid na baada ya initgroups, juu PAM inaweza kuongeza vikundi na ukiita initgroups baadaye unavifuta. Kwa FreeBSD na macOS kuna setlogin, jina la aliyeingia linaandikwa kwa kikao na root ndiye anaruhusiwa, ukisahau logi zinaweza kusema kazi ya mwanafunzi imefanywa na mtu mwingine. FreeBSD pia iko na setusercontext inayofanya mambo mengi kwa mpigo pamoja na viwango vya matumizi, na kama mtu yuko kwa FreeBSD peke yake aitumie hiyo. Windows ni habari ingine kabisa, huko hakuna kujivua uid kwa njia hii, huduma inatengeneza prosesi mpya kwa tokeni ya mtumiaji, usijaribu kuhamisha mawazo ya hapa kwenda huko.

Na mafaili yaliyofunguliwa. Keneli inakagua ruhusa wakati wa kufungua, si wakati wa kusoma. Tulikuta faili la ufunguo wa seva lilikuwa limefunguliwa na root na likaachwa wazi likarithiwa mpaka kwa menyu ya mwanafunzi, namba 5 kwa /proc. Uid ingekuwa safi namna gani, ufunguo ungekuwa mkononi mwake. Tuliweka alama ya kufungwa wakati wa execve kwa kila faili seva inafungua, na kabla ya execve tunafunga kila kitu kuanzia namba 3 kwenda juu.

Kingine, na hiki nilikielewa baadaye sana. Sisi wote tulikuwa tunaangalia prosesi inayoendesha menyu, hatukuuliza ile inayobeba muunganisho inabaki na mamlaka ya nani. Mwisho wa mwaka 2025 Dropbear, ile seva ndogo ya SSH iliyo kwa ruta nyingi za OpenWrt, ilitoa rekebisho la jambo la aina hiyo. Sheli ya mtumiaji ilikuwa inashuka vizuri, lakini prosesi iliyobeba muunganisho wake ilibaki root, na mtumiaji akiiomba imuunganishe na soketi ya ndani ya mashine, programu ya upande ule ikiuliza ni nani anabisha inaambiwa ni root. Walirekebisha kwa kuifanya prosesi yenyewe ishuke baada ya mtu kuthibitishwa. OpenSSH iligawanya kazi hizi kwa prosesi tofauti tangu 2002, kazi ya Niels Provos, na ukiisoma unaona mtu aliyefikiria kila pembe. Seva yetu ilikuwa inafungua mafaili ya kupakua ndani ya ile prosesi ya muunganisho. Tukaihamisha kazi hiyo kwa mtoto aliyeshuka.

Kuhusu uharibifu. Hatukujidanganya kwamba hakuna kilichotokea. Mashine ambayo kila mtu alikuwa na root kwa wiki saba huwezi kuisafisha, logi zake zenyewe zingeweza kubadilishwa, kwa hivyo diski tuliitoa tukaiweka kando na tukasimika Debian upya. Ufunguo wa seva mpya, paswadi zote mpya, funguo za walimu mpya. Alama tulizilinganisha na karatasi walimu walizosaini, siku tatu watu wanne wanasoma namba kwa sauti, zote zililingana. Wanafunzi tuliwaambia ukweli kwa mkutano, wote, na mkuu wa idara ndiye alisimama akaeleza. Kuna mwalimu alisema tungenyamaza. Mimi naona kama mtu ameweka kazi yake kwa mashine yako ana haki ya kujua mlango ulikuwa wazi.

Ile skripti ya majaribio tuliitupa. Mpya inaingia kama mtumiaji, na kwa Linux inasoma mistari ya Uid, Gid na Groups kutoka /proc, kwa FreeBSD inatumia procstat -s, kwa Mac inatumia ps ikiitisha ruid, uid na svuid. Inatengeneza faili kwa /tmp na kuangalia kikundi chake kwa Linux. Inaorodhesha mafaili yaliyo wazi. Na kuna jaribio moja tunaloliharibu makusudi, tunaondoa ule mstari wa seteuid(0) wa mwanzo, tunakompaili, na tunataka kuona mtu anakataliwa kuingia. Kwa Linux na FreeBSD na Mac. Kama anaingia, ukaguzi wetu haufanyi kazi.

Likizo ya Agosti tulihamia OpenSSH. Menyu ya mzee ipo, imewekwa na ForceCommand, mpangilio wa kumlazimisha anayeingia apate amri moja tu, kwa kikundi cha wanafunzi, na imechukua mistari minne ya mipangilio kufanya yale msimbo wake wote ulikuwa unafanya. Nilimpigia mzee simu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, alafu akauliza, "Na kwa FreeBSD ilikuwa inashuka vizuri?" Nikamwambia ndio mzee, huko ilikuwa inashuka vizuri. Akaniomba nimtumie ule mstari wa status, ule wa sufuri moja, anataka kuuona kwa macho yake.